Anarudi Sasa Hivi

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi, na kuna waliokwisha kunitangazia kwamba nimedisko. Sijadisko jamani, nipo. Ni msuli tu. Majaribio yamefuatana, halafu kuna kazi za makundi, zile ambazo majina kwenye jalada ni manane lakini waliofanya ni wawili. Na bumu ndiyo hivyo tena, liliisha kabla mwezi haujafika katikati. Basi tusamehane.

Leo nataka niwasimulie kitu kilichotokea chumbani kwetu Jumatano usiku. Si tukio kubwa. Hakuna aliyepigana, hakuna aliyefumaniwa. Ilikuwa simu tu ya dakika mbili. Lakini tangu siku hiyo sijakaa sawa, na nimeona nikiandika labda nitatulia.

Kwa wageni wa hapa, chumbani tuko wanne. Kuna Mpemba wa Wete, tunamwita Sheikh. Kuna wa Rombo, huyo ni Mangi, na hana hata duka. Kuna kaka yetu wa Newala, ana miaka thelathini na kitu, alikuwa anafundisha shule ya msingi akajiendeleza mpaka akafika hapa chuoni Dodoma. Huyo ndiye Mwalimu Mkuu. Halafu mimi, mtoto wa Bariadi, ambaye wenzangu wameamua naitwa Gamboshi. Si mnaijua sifa ya Gamboshi? Nimeshawaambia mara mia kwamba kijiji chetu kiko upande mwingine kabisa, haisaidii. Nikipata alama nzuri wanasema si bure, nikifeli wanasema dawa imekwisha nguvu.

Sasa Jumatano, kama saa tatu usiku, Mwalimu Mkuu akapigiwa simu kutoka nyumbani. Simu yake ina ubovu, sauti ya sikioni imekufa, inabidi aweke ya wote wasikie. Kwa hiyo tukasikia. Alikuwa binti yake, ana miaka minne.

“Baba, unakuja lini?”

“Nakuja sasa hivi mama.”

“Sasa hivi?”

“Sasa hivi tu. We lala, ukiamka utanikuta.”

Kutoka hapa hadi Newala ni safari ya kulala njiani. Na mitihani yetu inaisha mwezi wa saba.

Sheikh ndiye aliyeanza. “Mwalimu, hiyo sasa hivi yako ina miezi mingapi?” Tukacheka sana. Mwalimu Mkuu hakucheka. Aligeukia ukutani akavuta shuka. Taa tukazima, lakini hakuna aliyelala, unajua ule ukimya ambao kila mtu anasikia mwenzake hajalala.

Baadaye Sheikh akasema gizani, sauti ikiwa nyingine kabisa. Akasema, “Mimi nliambiwa mama kenda kuchuma karafuu, yuaja sasa hivi. Nna miaka mitano. Mama akachuma karafuu miaka miwili. Karafuu gani hizo?”

Kumbe mama yake alikuwa Oman, amekwenda kufanya kazi za ndani kwenye nyumba ya watu. Nyumbani watu wazima wote walijua. Yeye peke yake ndiye hakujua. Anasema kila alipoona mwanamke anapita na pakacha la karafuu alimkimbilia kwenda kumtazama uso. Miaka miwili anatazama nyuso za watu. Siku mama aliporudi, na begi kubwa, ananukia manukato ya huko, Sheikh akampa mkono kama anavyopewa mgeni, akamwita shangazi.

“Na nilikuwa namjua,” akasema. “Nilimjua tangu anashuka garini. Nlifanya makusudi.”

Mangi naye akaanza. Baba yake alikuwa na biashara Dar, Kariakoo, na kama mnavyowajua Wachaga, Desemba ndiyo watu wanapanda nyumbani. Siku hiyo ameambiwa baba anafika. Kuanzia asubuhi amekaa kwenye ngema juu ya barabara, anahesabu magari yanayopanda. Jioni baba akashuka kweli, ana boksi la viatu. Mangi akakimbilia migombani. Alikaa huko mpaka usiku, anasikia wanavyomwita kwa tochi.

“Viatu vilikuwa vizuri kinoma,” akasema. “Sikuvivaa mpaka alipoondoka.”

Basi ikabidi na mimi nitoe yangu. Sikuwahi kumsimulia mtu.

Mwaka 2010 nilikuwa na miaka 7, darasa la kwanza. Bariadi wakati ule ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga, Simiyu yetu ilikuja kuanzishwa 2012. Ulikuwa msimu wa pamba. Mliokulia kwetu mnajua mambo ya mwezi wa sita, nyumba nzima inageuka ghala. Pamba inachambuliwa, safi kivyake, fifi kivyake, inajazwa chumbani mpaka inakaribia bati ikisubiri kupelekwa kupimwa. Sisi watoto tunalala juu yake. Inawasha kidogo, lakini ina joto, na ukitumbukia unapotea kabisa.

Mdogo wangu wa kike alikuwa bado ananyonya, na alikuwa anaumwa. Hospitali wakaandika rufaa aende Bugando, Mwanza. Mama aliondoka naye alfajiri mimi nimelala. Nilipoamka nikamkuta bibi, mama yake baba, anakoroga uji. Nikauliza mama yuko wapi.

“Kaenda dukani, anarudi sasa hivi.”

Sasa duka lenyewe linaonekana kutoka uani kwetu. Nikanywa uji, nikatazama duka, simwoni. Nikaona isiwe tabu, nikaenda mwenyewe. Muuza duka akaniangalia, akafungua kopo, akanipa pipi moja ya bure, akasema, “Ametoka hapa sasa hivi.”

Pipi ya bure! Yule mzee hakuwahi kumpa mtu hata kiberiti cha bure. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo, na kwamba watu wazima wote wamekubaliana.

Kila jioni nikawa nakwenda kukaa njia panda, pale inapopita barabara ya Lamadi, kwa sababu magari ya Mwanza ndiko yanakotokea. Hakuna aliyeniambia Mwanza. Nilisikia tu bibi akiongea na jirani, wakidhani sisikii. Nikajifunza saa za magari yote. Gari likisimama naangalia miguu inayoshuka kwanza, maana miguu ya mama niliijua. Likiondoka narudi nyumbani, na bibi haniulizi nilikuwa wapi.

Usiku bibi alikuwa anatusimulia hadithi juu ya pamba. Ile tuliyoipenda ni ya Masala Kulangwa, Wasukuma wenzangu mnaijua. Kwa namna alivyoisimulia yeye, zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote wa nchi na mifugo yao yote, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Akamzaa Masala Kulangwa. Mtoto alipopata akili akamuuliza mama yake: mbona tuko wawili tu, watu wengine wako wapi? Mama akamweleza. Basi mtoto akaanza kuwinda. Akaua panzi, akamletea mama, ndiye huyu? Mama akasema siye. Akaua ndege, siye. Akaua mnyama mkubwa, bado siye. Akaendelea hivyo mpaka akalipata lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, watu wote wakatoka wazima. Ila wakati anapasua, kisu kikamkata sikio bibi kizee mmoja. Na yule bibi badala ya kushukuru akatoka na hasira. Hapo sisi tulikuwa tunacheka mpaka pamba inaruka.

Wiki ya tano mama akarudi. Nilimwona nikiwa uani, anakuja na mdogo wangu mgongoni, khanga ni ileile. Nilikuwa nimemsubiri siku zote hizo, nimeota anavyoshuka garini, nimepanga hata nitakavyokimbia kumpokea. Unajua nilifanya nini? Nilikimbia kweli, lakini kuelekea ndani. Nikatumbukia kwenye pamba, nikajifukia, nikabana pumzi.

Mama akaingia akaniita. Nikasikia sauti yake juu yangu kabisa. Sikuitika. Bibi ndiye aliyekuja kunivuta mguu, nikatoka nywele zimejaa pamba kama mzee wa miaka 90, watu wakacheka, majirani waliokuja kumpa pole wakacheka. Mama hakucheka. Alikuwa amenyoosha mikono.

Nikaenda kukaa kwa bibi. Mama alikuwa ameniletea mkate kutoka Mwanza, sikuugusa. Siku mbili nzima sikula kitu kilichotoka mkononi mwake. Na nilifanya jambo jingine, hili ndilo linaloniuma mpaka leo. Nikawa namwita bibi “mama”, kwa sauti, kila ninapojua kwamba mama anasikia. Mara ya tatu akainuka, akaenda nyuma ya nyumba kama anafuata kuni. Alikaa huko muda mrefu, na akarudi bila kuni.

Nilipomaliza, hakuna aliyesema kitu. Halafu Mangi akasema, “Yaani wote watatu tulifanya kitu kilekile?”

Ndiyo, wote watatu! Mmoja Pemba, mmoja mlimani Rombo, mmoja kwenye pamba Bariadi. Dini tofauti, makabila tofauti, mmoja mama yake kapanda ndege kwenda Uarabuni na mwingine baba yake yuko Kariakoo tu. Hatukujuana wakati huo. Na hakuna aliyetufundisha kwamba mtu unayempenda akirudi unajificha.

Hapo ndipo nilipokumbuka somo ambalo nililidesa mwaka wa pili. Mnalijua wale wa ualimu, lile la mtoto na mlezi wake kwenye saikolojia ya elimu. Tulikariri jina la Ainsworth, mwaka, aina za watoto, tukaenda kumwaga kwenye UE, tukasahau. Alhamisi nikaenda maktaba kulisoma upya, safari hii bila mtihani, na nikaona vitu ambavyo sikuviona.

Kwanza, Mary Ainsworth hakuanzia Marekani kama nilivyodhani. Alianzia hapa jirani. Mwaka 1954 alifika Kampala kwa sababu mume wake alipata kazi Makerere, akaanza kutembelea familia 26 za Waganda kwenye vijiji vya karibu na mji, kila baada ya wiki mbili, kwa miezi kama tisa. Kilichompeleka mwanzoni ni desturi ambayo hata kwetu ipo, ya mtoto akiachishwa ziwa kupelekwa kwa bibi ili asahau titi. Alitaka kujua yule mtoto anapatwa na nini anapotenganishwa na mama. Akakuta Waganda wengi hawaifanyi tena, basi akabaki anaangalia watoto wanavyoishi na mama zao: analia nani akiondoka, anatambaa umbali gani halafu anageuka kuhakikisha mama yupo. Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilitoka 1967. Alipohamia Baltimore, Marekani, akawaangalia watoto wa kule, akakuta nao wanamtumia mama kama kituo, unatoka, unazunguka, unarudi kugusa, unatoka tena. Na huko ndiko alikowaandika watoto ambao mama akitoka chumbani na kurudi, wanageuza uso kama hawajamwona.

Pili, kuna mwenzake, James Robertson, walifanya kazi pamoja London kabla ya Uganda. Huyu mwaka 1952 alitoa filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa hospitali siku 8. Uingereza wakati ule wazazi walikuwa hawaruhusiwi kukaa na mtoto wodini, wanakuja kwa saa za kuona wagonjwa tu. Wauguzi walikuwa wanasema watoto wanazoea haraka, wananyamaza. Kumbe kunyamaza siko kuzoea. Filamu inaonyesha mama anakuja, na yule mtoto aliyekuwa anamuulizia anageuza kichwa. Madaktari wengi walimkasirikia Robertson. Lakini mwaka 1959 ripoti ya serikali yao ikashauri wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wakati wowote.

Nikakaa na ile karatasi muda mrefu. Kwetu mama anaingia wodini na mtoto wake, analala naye, hilo hatukuhitaji filamu kulijua. Mdogo wangu Bugando alikuwa na mama usiku na mchana. Anayebaki bila mama kwetu ni yule mzima aliyeachwa nyumbani, na huyo haandikwi kwenye faili lolote.

Sasa niwaambie kwa nini hili limenisumbua, maana sikuanza kulifikiria Jumatano. Lilianza mwaka jana kwenye TP, na hapo mimi ndiye mkosaji.

Nilipangiwa sekondari moja huko huko nyumbani, iko kando ya barabara. Kidato cha kwanza nilikuwa nafundisha Historia. Kulikuwa na kijana anakaa dirishani, daftari liko wazi lakini haandiki. Kila gari likipita anageuka. Namuuliza swali, ananiangalia kama nimemwamsha. Nikaona ni dharau, ananiona mwanafunzi wa TP, mwalimu wa kuazima. Na mimi nilikuwa na msimamizi wangu anakuja wiki hiyo kunikagua, nataka darasa lililotulia.

Viboko sikumpiga. Kanuni za 2002 ziko wazi, kiboko ni cha mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Kwa hiyo nikatafuta adhabu ambayo haiandikwi popote. Nikamtoa nje akasimame juani mpaka kipindi kiishe. Jua la Bariadi la mwezi wa saba mnalijua. Alisimama vipindi viwili, kwa sababu mimi nilimsahau.

Nilipotoka nikamkuta palepale, ameelekea barabarani. Hakulalamika. Mwalimu mmoja mzee wa pale akaniita pembeni akaniambia taratibu, “Kijana wangu, huyo mama yake yuko Bugando mwezi wa pili sasa. Kila siku wanamwambia anarudi wiki hii.”

Jamani. Nilijisikia kama mtu aliyekanyaga mguu wake mwenyewe.

Baada ya masomo nikamfuata. Sikujua nianzie wapi, nikamuuliza, “Unasubiri gari gani?” Akanitajia. Magari yote, saa zake, lipi huwa linachelewa, lipi linalosimama pale na lipi linalopitiliza. Kama ninavyoyajua mimi ya 2010. Halafu akaniuliza, “Mwalimu, atarudi?”

Nikafungua mdomo niseme “Atarudi tu, usijali.” Lilikuwa limeshafika ulimini. Ndilo neno la kumalizia mazungumzo, mtu anakwenda zake na wewe unakwenda zako. Nikakumbuka pipi ya bure.

Nikamwambia, “Sijui. Ila tunaweza kumuuliza mwenyewe.”

Namba ya mama hakuwa nayo, lakini alikuwa nayo ya mama yake mdogo anayemuuguza. Nikapiga kwa simu yangu. Mama akaja kwenye simu. Mwanzoni akaanza yaleyale, mwanangu nakuja wiki hii. Yule kijana akamkatiza, akasema, “Mama, niambie kweli.” Kimya. Halafu mama akamwambia. Akamwambia anaumwa nini, amebakiza dawa za mara ngapi, na kwamba madaktari hawajasema siku ya kutoka, wakisema atapiga simu namba hii. Kijana akasikiliza, akasema haya. Akanirudishia simu, akaenda kukaa chini ya mwarobaini akalia, na mimi nikakaa karibu nikijifanya nasahihisha madaftari.

Sitawadanganya kwamba kesho yake aligeuka mtu mwingine. Bado alikuwa anaangalia magari. Lakini kwenye kipindi aliandika, na Ijumaa akanyosha mkono akajibu swali, akakosea, darasa likacheka na yeye akacheka. TP iliisha mama akiwa hajarudi. Sikumwomba msamaha kuhusu lile jua. Nilitaka, nikaona aibu mbele ya walimu, nikaondoka. Hilo bado ni deni.

Sasa turudi chumbani. Nilipowasimulia hilo la TP, Mwalimu Mkuu aliyekuwa ukutani muda wote akageuka. Akasema, “Nyie mnaongea kirahisi. Nimwambie nini mtoto wa miaka minne? Anajua mwezi wa saba ni nini?”

Akasema kweli siku anayoondoka nyumbani huwa anatoka usiku kama mwizi. Akimwona binti anashika suruali, hawezi kupanda gari. Ilishatokea, gari likamwacha.

Hakuna aliyekuwa na jibu. Sheikh akasema tu, “Yangu mimi, ningeambiwa Oman, ningelia. Lakini ningeacha kuwakimbilia wachuma karafuu.”

Ijumaa jioni nikampigia mama. Tukasalimiana, mvua, mahindi, mdogo wangu ambaye sasa yuko sekondari na anajifanya mkubwa kuliko mimi. Halafu nikamuuliza anaikumbuka siku aliyorudi kutoka Bugando, mimi nikaingia kwenye pamba. Nilidhani amesahau.

“Nakumbuka,” akasema. “Ulinikataa.”

Nikamwambia sikumkataa. Nikamwambia nilikuwa nakwenda njia panda kila jioni. Hilo hakulijua. Bibi hakuwahi kumwambia, na bibi mwenyewe ametangulia. Akanyamaza, nikadhani salio limekwisha. Halafu akasema, “Mimi ndiye niliyemwambia bibi yako aseme dukani. Niliogopa ukiamka ukalia, nitashindwa kwenda, na mtoto alikuwa anakufa.”

Miaka yote hii nilidhani ule uongo ulitungwa kwa ajili yangu, kwa sababu mimi ni mdogo sitaelewa. Kumbe ulikuwa wa kumsaidia yeye atoke mlangoni. Na yule bibi kizee aliyekatwa sikio, ambaye nilikuwa namcheka, mbona alikuwa mimi mtupu? Umetolewa kwenye tumbo la zimwi, umerudishiwa mtu wako, na badala ya kushukuru una hasira ya sikio.

Kitu kingine nimekiona sasa hivi naandika. Katika hadithi ile mtoto alipouliza watu wengine wako wapi, mama yake hakumwambia wako dukani. Alimwambia kuna zimwi. Alikuwa mtoto, na akaambiwa. Na panzi alipoletwa aliambiwa siye, si kwamba aliambiwa ndiye ili anyamaze. Jina la Masala lenyewe kwetu ni akili, na kulangwa ni kufundishwa. Bibi alikuwa anatusimulia hivyo kila usiku, huku mchana akiniambia anarudi sasa hivi. Simlaumu. Alikuwa analinda pande mbili.

Jana, Jumamosi, Mwalimu Mkuu alitoka asubuhi kwenda mjini akarudi na kalenda, zile kubwa za ukutani, mbili. Moja kaibandika juu ya kitanda chake. Nyingine kaikunja vizuri, anaituma Newala kwa basi. Usiku akapiga simu, ya wote kusikia kama kawaida.

“Mama, baba yuko mbali. Siji leo. Na kesho siji.”

Yule mtoto akalia. Alilia sana, wadau, chumba kizima tumekaa tunaangalia sakafu. Mwalimu Mkuu hakukata simu. Hakusema nyamaza. Alikuwa anasema tu, “Nakusikia mama. Nipo hapa,” na machozi yanamtoka mtu mzima. Ilichukua kama dakika kumi. Halafu kikasikika kisauti kikiuliza hiyo kalenda ina picha gani.

“Ya twiga,” akasema.

“Twiga wangapi?”

Wakaanza kuhesabu.

Haya, mimi narudi kwenye msuli, kesho kuna jaribio la saa mbili na sijagusa kitu. Ila kabla sijaondoka, wewe uliambiwa mama au baba kaenda wapi? Niandikie, nimeanza kuziandika kwenye daftari. Mpaka sasa nina duka, karafuu, kisima, kwa fundi cherehani, na mmoja wa Songea aliambiwa baba kaenda kumnunulia baiskeli. Anasema baiskeli haikuja, na baba pia. Huyo nilikosa cha kumjibu, nikamwita tukaenda kunywa chai.

Mbaki salama.